Jinsi ya Kuanzisha Wakfu wa Kigoda cha Uprofesa au wa Mhadhiri Mgeni: Mwongozo kwa Wahitimu na Familia za Dodoma

Kila mwaka mahafali yakikaribia, maswali ni yale yale. Wahitimu wa mwaka fulani wamechangishana milioni 30 kupitia kundi lao la simu, sasa wanataka "kumlipa profesa". Familia imempoteza baba aliyefundisha maisha yake yote, inataka jina lake libaki chuoni. Wakulima wa zabibu wanauliza kama wanaweza kumleta mtaalamu wa mizabibu kila msimu, akae na wanafunzi na aingie mashambani. Wote wana nia njema, na wengi hukwama mahali pamoja: wanadhani kazi yote ni kupata fedha. Fedha hupatikana. Kinachoua zawadi hizi ni karatasi iliyoandikwa vibaya, au isiyoandikwa kabisa. Kwa hiyo hatua ya 5 ndiyo ndefu kuliko zote. Usiiruke.

Wakfu ni mtaji usioguswa, kinacholiwa ni tunda lake. Pwani watu wameweka minazi na nyumba wakfu kwa misikiti tangu zamani. Huku Ugogo mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi baadhi yao kwa jamaa au rafiki wa kijiji kingine: anayetunza anakamua maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Mwaka 1663 Henry Lucas aliacha katika wosia wake agizo la kununua ardhi ya kuingiza pauni 100 kwa mwaka, ili pawe na profesa wa hisabati Cambridge. Isaac Newton alikikalia kiti hicho kuanzia 1669, Stephen Hawking akakikalia kuanzia 1979, na hadi leo kina mtu. Kiti cha namna hiyo, yaani nafasi ya profesa inayolipiwa na wakfu, sisi tumezoea kukiita kigoda, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipozindua Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kiasi kilichopo mkononi leo. Ahadi za kundi la simu usizihesabu.
- Watu watatu hadi watano watakaosaini kwa niaba ya kundi au familia, wenye vitambulisho vya NIDA na TIN.
- Muhtasari wa kikao kilichokubali kutoa fedha, wenye sahihi. Kwa fedha za mirathi, hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani na ridhaa ya warithi kwa maandishi. Mrithi mmoja akikataa, subirini kwanza.
- Sentensi moja inayosema mnataka nini kifundishwe au kitafitiwe.
- Mwanasheria wa kusoma hati. Mchango wake wa saa mbili unaokoa miaka ishirini ya ugomvi.

Hatua ya 1: Amua unalipia nini

Kuna mambo matatu yanayochanganywa.

Kigoda kamili kinabeba mshahara wote wa profesa, michango ya hifadhi ya jamii, na fedha za utafiti. Kigoda cha nyongeza kinamkalisha profesa ambaye tayari analipwa mshahara na chuo au serikali. Wakfu unampa msaidizi wa utafiti, safari za uwandani, vitabu na mhadhara wa mwaka. Mhadhiri mgeni anakuja kwa wiki kadhaa au muhula mmoja, anafundisha, anasimamia wanafunzi wa uzamili, anaondoka.

Kwa wengi wanaoniuliza, jibu langu ni mhadhiri mgeni au kigoda cha nyongeza. Kwenye chuo cha umma mshahara wa profesa una mlipaji tayari. Asichokuwa nacho profesa huyo ni dereva na mafuta ya kwenda Chemba kuona shamba la uwele, na kijana wa kuingiza takwimu. Hapo ndipo shilingi yako inaonekana.

Hatua ya 2: Piga hesabu kuanzia mwisho

Usiulize "milioni 100 zitafanya nini?" Uliza "ninachotaka kinagharimu kiasi gani kwa mwaka?", halafu rudi nyuma hadi kwenye mtaji.

Chukulia mtaji unazaa asilimia 12 kwa mwaka kwenye hati fungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unazoikopesha serikali nayo ikakulipa riba. Kila milioni 100 inaleta milioni 12. Nne zirudi kwenye mtaji kuziba mfumuko wa bei, moja iende kwenye gharama za uendeshaji na akiba ya dharura. Zinabaki 7 za kutumia. Kwa hiyo gawanya mahitaji ya mwaka kwa 0.07:

- Mhadhiri mgeni, kwa makadirio ya milioni 14 kwa mwaka: mtaji milioni 200.
- Kigoda cha nyongeza, milioni 35 kwa mwaka: mtaji milioni 500.
- Kigoda kamili, milioni 140 kwa mwaka: mtaji bilioni 2.

Hizo ni namba za mfano. Weka za kwako.

Kosa la kawaida ni kula zote 12. Mwaka wa kwanza kila mtu anafurahi. Lakini bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, milioni 100 isiyoongezwa kitu itakuwa na nguvu ya kununua ya milioni 46 hivi baada ya miaka 20. Kwenye karatasi bado inasomeka milioni 100, kumbe ng'ombe amekonda hana maziwa.

Kosa la pili ni kupanga kwa riba za jana. Hati fungani za miaka 20 na 25 ziliwahi kulipa asilimia 15.49 na 15.95, na mwaka 2022 zikashushwa hadi 12 na ushei. Aliyekuwa amemwahidi mgeni wake kwa kiwango cha zamani alilazimika kupunguza wiki.

Hatua ya 3: Anzia idarani

Wengi huenda moja kwa moja kwa Makamu Mkuu wa Chuo wakiwa na hundi ya mfano na mpiga picha. Anza na Mkuu wa Idara, kisha Rasi (mkuu wa ndaki) au Amidi (mkuu wa kitivo au shule ndani ya chuo). Hao ndio watakaoishi na kigoda chako. Waulize: somo hili lina wanafunzi wangapi? Lina walimu? Nani atampokea mgeni? Kisha jambo lipande kwa Naibu Makamu Mkuu wa Taaluma, lifike Seneti na Baraza la Chuo. Tenga miezi mingi kwa safari hiyo, kwa sababu vikao hivyo vina kalenda yake.

Dodoma hatukosi mahali pa kupeleka wakfu. Kuna Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanza 2007, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kuna Chuo cha Mipango. Masomo yenye mizizi hapa hapa nayo ni mengi: mtama na uwele kwenye ardhi inayopata mvua ya msimu mmoja tu, mizabibu karibu na kituo cha utafiti cha Makutupora, ugonjwa wa macho wa trakoma uliotafitiwa Kongwa kwa miaka mingi, mmomonyoko wa udongo Kondoa, na michoro ya miambani ya Kolo iliyoingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mgeni anayekuja kwa mambo haya anapata asichoweza kupata kwao, na hilo humleta kuliko posho.

Hatua ya 4: Chagua mlinzi wa mtaji

Kuna njia mbili. Ya kwanza, chuo chenyewe kinashika mtaji kama mfuko maalumu. Ni rahisi na haina usajili mpya. Lakini kwa chuo cha umma uliza mapema fedha zitaingia akaunti ipi na zinatokaje, kwa maana taratibu za fedha za umma zinakihusu. Usikubali jibu la "zitaingia akaunti ya makusanyo, tutazitambua". Taka kumbukumbu namba ya malipo yake peke yake, na mfuko uonekane kwa jina katika hesabu zinazokaguliwa.

Ya pili, mnasajili Bodi ya Wadhamini kwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sheria ya Usajili wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi inakuwa na uhai wake kisheria: inamiliki mali, inashtaki na kushtakiwa, na inatoa matunda kwa chuo kwa mkataba. Ina kazi zaidi, yaani vikao, marejesho ya kila mwaka RITA na hesabu za TRA, lakini chuo kikibadilika, mtaji haubadiliki nacho.

Chini ya milioni 200, ningechagua chuo chenyewe. Zaidi ya hapo, wadhamini.

Kwa mtoaji mwenye biashara: muulize mhasibu wako kabla ya kutoa. Sheria ya Kodi ya Mapato inaruhusu kupunguza michango ya hisani hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara, na michango ya Mfuko wa Elimu unaosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania chini ya sheria ya 2001 ina kifungu chake.

Hatua ya 5: Andika hati ya wakfu

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha chuo kimoja ambapo faili la zawadi ya marehemu lilifunguliwa. Ndani mlikuwa na risiti ya benki na barua moja, nusu ukurasa, kwa mwandiko wa mjane wake: "Tunatoa fedha hizi kwa ajili ya maendeleo ya idara aliyoipenda." Basi. Hakuna aliyeiba hata senti. Idara ilipaka rangi ofisi, ikanunua viti na kompyuta mbili, na fedha zikaisha kihalali kabisa. Mtoto wa marehemu alikuwa amekuja kuuliza kigoda cha baba yake kiko wapi. Sikupata cha kumwambia, na tangu siku hiyo sikubali mtu atoe fedha kabla ya hati.

Hati yako iseme haya, kwa lugha ya kawaida:

Jina la wakfu, na kwamba mtaji *hautatumika, hautakopeshwa na hautawekwa rehani*, hata kwa chuo chenyewe, hata kwa siku moja. Andika maneno hayo yote matatu. Neno "kutumika" peke yake linaacha mlango wazi kwa mkopo wa dharura.

Somo, kwa upana wa kutosha. "Utafiti wa ugonjwa fulani wa mtama" litakufa ugonjwa ukipata dawa. "Kilimo cha nyanda kame" litaishi. Ongeza: idara ikivunjwa au kuunganishwa, matunda yaende somo lililo karibu zaidi, na taja nani ataamua lipi ni la karibu.

Kanuni ya matumizi. Usiandike kiasi cha shilingi, andika uwiano. Kwa mfano: kila mwaka zitumike asilimia 7 za wastani wa mtaji wa miaka mitatu iliyopita. Wastani huo unasaidia mwaka mbaya usimwangushe mtu ghafla.

Nani anachagua. Mtoaji asichague mwenye kigoda. Hapa familia nyingi hukasirika, nami naelewa uchungu wao, lakini kigoda ambacho mpwa wa mtoaji amewekwa kitadharauliwa na wanataaluma wote, na jina la marehemu litadharauliwa pamoja nacho. Familia inaweza kuwa na mwakilishi mmoja anayehudhuria kamati bila kura. Vilevile andika kwamba mtoaji hana sauti katika matokeo ya utafiti. Kampuni ya mbegu isilipie kigoda halafu idai mbegu zake zisifiwe.

Muda. Miaka mitatu hadi mitano, kuongezwa mara moja. Kigoda cha maisha kinaziba njia ya vijana.

Ripoti, na nini kitatokea isipotolewa. Jina la mtoaji, na nani anaweza kuliondoa likichafuka. Lugha ya mhadhara wa mwaka: ningependa iandikwe Kiswahili, maana wakulima na wauguzi waliochangia nao wana haki ya kuja kusikiliza.

Kama mtoaji anataka wakfu wa Kiislamu kwa maana yake kamili, hilo lijulikane leo. Hati fungani za riba hazitafaa. Mtaji uwe nyumba ya kupangisha, hosteli ya wanafunzi au sukuki (hati za uwekezaji zisizo na riba), na hesabu ya hatua ya 2 ianze upya, kwa sababu nyumba ina matengenezo na wanafunzi hawapangi miezi yote.

Hatua ya 6: Weka mtaji mahali pake

Hati fungani za serikali hununuliwa kwenye minada ya Benki Kuu, kuanzia shilingi milioni 1, kupitia benki au dalali wa soko la mitaji, na hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Akaunti ifunguliwe kwa jina la wakfu, si la mwenyekiti. Gawa muda: sehemu ya miaka 10, sehemu ya 20, sehemu ya 25, ili zisiive pamoja siku ambayo riba iko chini. Fedha za kutumia mwaka huu zikae kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, au amana ya benki, uzipate upesi. Wakfu mkubwa unaweza kuongeza hisa kidogo.

Usiweke mtaji wa wakfu kwenye ushirika wa mikopo, kwenye viwanja vya kusubiri bei ipande, wala kwa ndugu anayejua biashara. Kiwanja hakimlipi msaidizi wa utafiti mwezi wa tatu.

Hatua ya 7: Tangaza, chagua

Tangazo la wazi, kamati yenye angalau mtu mmoja kutoka chuo kingine, vigezo vilivyoandikwa. Mhadhiri mgeni si lazima atoke Ulaya au Marekani. Mtaalamu wa ardhi kame kutoka Botswana au Niger, au Mtanzania aliyeko nje anayetamani kurudi japo muhula mmoja, mara nyingi analeta zaidi kwa nauli ndogo zaidi.

Hatua ya 8: Mpokee mgeni sawasawa

Mgeni mmoja alifika mwezi wa nane. Alikuwa ametayarisha mihadhara kumi. Wanafunzi walikuwa likizo, mwenyeji wake yuko kwenye usahihishaji wa mitihani mkoa mwingine, na ufunguo wa nyumba alikuwa nao mlinzi wa zamu ya usiku. Alikaa kwenye ngazi na sanduku lake, upepo wa kiangazi ukimmwagia vumbi, mpaka saa kumi na mbili jioni. Hakulalamika, ila hakurudi tena.

Kwa hiyo:

1. Panga aje masomo yakiwa yanaendelea, na asifike wiki ya kwanza ya muhula wala wiki za mitihani.
2. Anza vibali miezi minne kabla. Mtafiti huomba kibali cha ukaazi daraja C. Akikusanya takwimu anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Utafiti wa afya unaohusu watu unapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) kwa idhini ya maadili. Akilipwa kwa kufundisha, ulizia kibali cha kazi. Viza ya utalii isitumike "kwa muda".
3. Taja kwa maandishi nani anampokea. Awe mtu mmoja mwenye namba ya simu, kwa sababu "idara" haishiki ufunguo. Tangu 2024 treni ya SGR inamfikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa saa chache, kwa hiyo bajeti ya gari la kumfuata uwanja wa ndege wa Dar unaweza kuifuta.
4. Mwoanishe na mhadhiri msaidizi wa hapa tangu siku ya kwanza. Mgeni ataondoka, atakayebaki na alichofundisha ni huyo.
5. Posho yake ya wiki ya kwanza iwe tayari kabla hajapanda ndege.

Hatua ya 9: Ripoti ya ukurasa mmoja

Kila mwaka, mwezi uleule: mtaji ulikuwa kiasi gani, sasa ni kiasi gani, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, nani alikalia kigoda, alifanya nini. Ukurasa mmoja wenye sahihi mbili unatosha. Upelekwe kwa watoaji wote, hata aliyetoa elfu kumi.

Mambo yakikwama

*Tuna milioni 30 tu.* Msianze kutumia. Rudisheni riba yote kwenye mtaji na mchange milioni 5 kila mwaka. Kwa asilimia 12, mtavuka milioni 200 mwaka wa 11. Lakini bei nazo zitakuwa zimepanda. Kwa mfumuko wa asilimia 4, nguvu halisi ya milioni 200 za leo mtaifikia mwaka wa 16. Kama hamwezi kusubiri, punguzeni ndoto: mhadhara mmoja wa mwaka wa mtu kutoka Morogoro au Arusha, nauli na malazi ya siku tatu, unaanza hata kwa mtaji mdogo.

*Chuo kinaomba kukopa mtaji, kitarudisha baada ya bajeti kupita.* Jibu ni hapana, na hati ndiyo itakayosema kwa niaba yako. Usijadiliane kwa simu. Jibu kwa barua, ukitaja kifungu.

*Riba imeshuka.* Punguza wiki za mgeni au ahirisha ziara mwaka mmoja. Mtaji usiguswe.

*Ndugu wamegombana.* Ndiyo maana hati inataja mwakilishi mmoja na namna ya kumbadilisha. Kama haikutaja, chuo kiendelee na hati kama ilivyo, na familia imalizane nje.

*Ripoti haiji.* Andika kwa Makamu Mkuu wa Chuo, nakala kwa Baraza. Kama bodi ni ya wadhamini, RITA wana faili lenu.

*Kigoda kimekaa wazi miaka miwili.* Kwanza angalia sifa mlizoandika, pengine mmetaka malaika. Zipunguzeni kwa utaratibu wa hati. Wakati huo matunda yasirundikane akaunti ya matumizi, kwa sababu fedha zilizolala hupata wenyewe. Nusu ipelekwe kwenye mtaji, nusu imlipie mwanafunzi mmoja wa uzamivu wa somo hilo hilo, ambaye baada ya miaka kadhaa anaweza kuja kuomba kigoda chenyewe.